Jiko Moja, Majina Matano

Nianze na jambo ambalo wateja hawalijui, kisha mnihukumu mkipenda. Ukifungua programu ya chakula kwenye simu unaona migahawa imejipanga, kila mmoja na jina lake na picha zake za kutia mate mdomoni: Kuku Mwekundu, Jani Bichi, Mkono wa Mama, na mingine miwili ambayo hata sisi wapishi tulikuwa tukiisahau. Unachagua huu, unaukataa ule, unajiona mjanja. Migahawa yote hiyo mitano ilikuwa mimi na wenzangu wawili, ndani ya chumba kimoja nyuma ya gereji, hakuna meza wala kiti cha mteja.

Tulikuwa na majiko manne, friji mbili na karai moja kubwa la mafuta. Agizo likiingia, mashine inatema karatasi yenye namba, jina la mgahawa na chakula. Jina la mteja halimo. Ukisoma Kuku Mwekundu unachukua mfuko mwekundu. Ukisoma Mkono wa Mama unachukua mfuko wa kaki wenye picha ya mwanamke mwenye kilemba, anatabasamu kama aliyekulea. Huyo mwanamke hayupo, na mafuta ni yale yale. Anwani ya jiko imeandikwa kwenye programu, mwisho kabisa, kwa herufi za kijivu. Atakayeshuka mpaka huko ataona migahawa mitano ina anwani moja, lakini mtu mwenye njaa hashuki mpaka huko.

Msimamizi wetu alikuwa akituambia, huku anacheka, "Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyinyi ndio kata, basi fungeni midomo." Amri yake ilinifaa, sitadanganya. Kaka yangu alinisomesha upishi kwa jasho lake. Nyumbani niliwaambia nimeajiriwa mgahawani, Kuku Mwekundu, penye meza na vitambaa vyeupe, na wageni wanaoita mpishi watoe shukrani. Kaka aliwahi kusema siku moja atakuja kula, nikamwambia meza huwa zimejaa.

Kaka alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na pumu, na karanga zilikuwa adui yake. Alipokuwa na miaka miwili alilamba kijiko chenye karanga, akavimba uso, tukamuokoa kwa bahati. Tangu hapo wifi yangu akawa askari. Husoma kila pakiti na kuhoji kila muuza duka mpaka wanamkimbia.

Jumapili moja akanihoji na mimi.

"Wifi, huko kwenu Kuku Mwekundu mnatumia karanga?"

"Tunatumia. Kuku wetu anapakwa unga wa karanga kabla ya kukaangwa. Usije ukaagiza kwetu hata siku moja."

"Hata viazi?"

"Hata maji!" nikamwambia, na Chiriku akacheka mpaka akapaliwa.

Nilirudi kwangu nimeridhika. Nilimtajia mgahawa mmoja, ile minne nikaimeza, kwa sababu ningeitaja ningelazimika kuieleza na ile gereji.

Alhamisi yake, saa sita mchana, karatasi zilikuwa zinamiminika. Ikatoka moja: namba 41, Mkono wa Mama, sahani ya mtoto, viazi vya kukaanga na kuku wa kuchoma. Nikatumbukiza viazi kwenye karai ambamo dakika hiyo hiyo nilikuwa nimeopoa kuku wa karanga. Nikavichuja, nikafunga, nikaandika 41 kwa kalamu nene. Sahani za watoto huwa naziongezea kidogo, na hiyo nayo niliiongezea.

Wifi alikuwa ameandika ujumbe, masikini. Chini ya anwani kuna kisanduku cha maelezo, naye akaandika humo: "Tafadhali sana, mtoto hapatani kabisa na karanga." Aliamini mpishi atasoma. Kisanduku kile hakiji jikoni. Kinakwenda kwa mtu wa pikipiki, ajue geti ni la rangi gani na kama kuna mbwa. Baadaye yule dereva alisema aliusoma akiwa njiani, akajiambia, mimi sipiki.

Kabla ya saa nane kaka alinipigia. "Chiriku amebanwa. Tuko zahanati ya karibu na shule."

Nilikimbia na aproni yangu. Nilimkuta Chiriku kitandani, amefungwa mdomo na pua kwa kile kifaa cha mvuke wa pumu, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Daktari alikuwa anauliza tena amekula nini. Wifi akamwonyesha simu.

"Daktari, nimesoma orodha yote, karanga hamna. Mimi siagizi ovyo. Hata kwa wifi yangu huyu siagizi, maana kwao zipo. Hii ni pumu yake tu, leo shuleni wamefagia vumbi."

Juu ya kiti palikuwa na mfuko wa kaki. 41, mwandiko wangu.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilimtazama kaka, ameshika viatu vya mwanawe mkononi, nikaona aibu. Ndiyo, aibu, katika saa kama ile. Daktari akajaza dawa ya pumu kwenye kifaa, ikaisha, akaanza kujaza tena. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

"Daktari, ni karanga," nikasema.

"Umejuaje?"

"Hicho chakula nimekipika mimi."

Alitupa kila kitu akakimbilia sindano ya mzio. Akachoma ya kwanza, akachoma ya pili, kisha akaanza kumkandamiza kifua. Muuguzi alikuwa anamwita kwa jina lake la shule, jina ambalo nyumbani hatukulizoea. Chiriku hakumjibu.

Siku ya tatu ya msiba, wifi aliniita chumbani. Hakupiga kelele. Alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Nilikuona ulipoingia," akasema. "Uliutazama ule mfuko, ukaujua. Daktari akajaza dawa mara mbili ndipo ukafungua mdomo. Sitakuuliza kuhusu jiko, kaka yako ameshanieleza yote uliyomwambia. Nataka kujua hili tu, wifi. Pale uliponyamaza, ulikuwa unawaza nini?"

Nikaketi sakafuni karibu na zile nguo.

"Nilikuwa nawaza mtanionaje."

Aliiweka chini nguo aliyokuwa ameishika. "Kaka yako yuko uani na wanaume," akasema. "Nenda ukamwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo."

Nikaenda.