Watu Kumi wa Mzee Saadia

Mama mkwe wangu, Bi Mahfoudha, hakuweza kuona jambo la mtu limelala asiliamshe. Tulifika Maskati mwaka 1970, baada ya Sultani mpya kuwafungulia mlango watu wa Zanzibar, tukapata nyumba Darsait, ndogo, na ukuta wake umepasuka. Hatujamaliza hata kufungua masanduku, yeye keshajua jirani wa kulia kagombana na nani na wa kushoto hulala saa ngapi.

Wa kushoto ndiye Mzee Saadia. Alikuwa mfua fedha, Yahudi wa Aden, na kwa maneno yake mwenyewe hapakuwa na Yahudi mwingine mji mzima. Siku ya kwanza Mama alimpelekea sahani ya pilau, ikarudi kama ilivyokwenda. Siku ya pili mchuzi wa kuku, nao ukarudi. Mama akavimba. Alikimbia mapinduzi, alilala sakafuni kwa watu Dar es Salaam, kila dhila aliivumilia, lakini kurudishiwa pilau lake ilikuwa mara ya kwanza. Nikamwambia wana sheria zao za kuchinja.

"Basi si aseme?" akanijibu. "Mdomo kaumbiwa wa nini?"

Kesho yake alipeleka ndizi na tende, zikaliwa, na tangu hapo wakawa marafiki. Kila alasiri Mzee Saadia alikaa mlangoni kwake na nyundo yake ndogo, Mama barazani kwetu na ungo wa mchele, wakisemezana. Walitumia Kiarabu. Cha Mama kilikuwa nusu cha msahafu na nusu cha sokoni, kwa hiyo mimi nawaandikia kwa Kiswahili tu.

Mazungumzo yao yalikuwa mashindano ya nani kateswa zaidi.

"Sisi walituchomea nyumba," Mama husema.

"Sisi walituchomea mtaa," hujibu Mzee Saadia.

"Sisi tuliondoka na nguo tulizovaa."

"Mimi niliyovaa ilikuwa ya mtu."

Mama hakupenda kushindwa hata kwa misiba. Lakini mambo mawili hawakuyaingiza kwenye mchezo huo: Yahya, mdogo wake Mzee Saadia, aliyeuawa Aden katika ghasia za mwaka arubaini na saba, na Bakhit, mwana mkubwa wa Mama, shemeji yangu, aliyeuawa Januari ya mapinduzi na kaburi lake halijulikani. Wakifika hapo, mmoja hugonga fedha yake, mwingine hupepeta mchele wake.

Siku moja Mama alimuuliza kwa nini hakwenda na wenziwe kule nchi takatifu walikokwenda Mayahudi wa Aden.

"Nimenuniana na Mungu," alisema Mzee Saadia. "Sasa nikapange mlangoni kwake?"

Mama alivuta istighfari ndefu kwa niaba yake, lakini mimi nilimwona anauma mdomo asicheke.

Mwezi wa Disemba, Idi imeshapita, tulimkuta kawasha taa ya mafuta mchana kweupe. Ilikuwa siku aliyokufa Yahya. Mama akamuuliza kama keshamsomea dua. Akasema hapana, wala hajamsomea hata siku moja. Dua yao ya maiti haisomwi ila wahudhurie wanaume kumi. Siku ile ya Aden waliobaki walikuwa wamejificha, Yahya akazikwa haraka haraka bila ya kitu. Basi Mzee Saadia alimwambia Mungu: umeniulia ndugu yangu, ukitaka nimsomee, niletee watu kumi mpaka mlangoni kwangu, mimi sikufuati tena. Kisha akaja kukaa mahali ambapo watu kumi hao hawapatikani ng'o, na tangu hapo hakufungua mdomo kusema na Mola wake.

"Kumi tu?" alisema Mama, akainuka na ungo wake.

Kwetu khitma haina mwaliko. Ukitia pilau motoni na habari ikatoka, waja huja, na hapana mtu anayesimama mlangoni kuuliza huyu wa wapi na yule madhehebu gani. Mama alidhani dunia nzima ndivyo inavyozika. Nilijaribu kumwambia kwamba labda watu wenyewe iwe ni wa kwao.

"Muhsina, watu kumi ni watu kumi," alisema. "Maiti ana kiu, wewe nnakuona unataka kuuliza kabila."

Akamtuma mume wangu, Aflah, kwa mjomba Marhoon, kaka yake Mama, aliyekuwa amepata kazi serikalini na akapata na kitambi. Mjomba aliwakusanya wenziwe wa kazini na majirani zake wa Ruwi. Alasiri wakaja kumi kamili, Ibadhi na Sunni, kanzu zimepigwa pasi, Mjomba mbele na kisanduku cha juzuu kwapani. Mama na mimi tukafuata nyuma, tukasimama kando ya mlango.

Mzee Saadia alifungua, akawatazama.

"Nani kafa?"

"Nduguyo," alisema mjomba Marhoon kwa adabu. "Utuwie radhi, tumechelewa kidogo."

Mzee Saadia alielewa, akamtafuta Mama kwa macho.

"Hawa si Mayahudi."

"Ulimwambia Mungu akuletee watu kumi. Ulimtajia wa wapi?"

"Sheria anaijua Mwenyewe."

"Kumbe umemnunia na sheria zake unamshikia," alisema Mama. "Kununa gani huku? Hata kuku wangu hukumla kwa ajili yake."

Mzee alirudi nyuma kuwapisha. Akawakaribisha wakae, maana adabu ilimtaka hivyo, akawaeleza kwamba dua ile hawezi kuisoma nao hata angetaka. Mmoja wa watu wa Ruwi alinong'ona kuuliza kama pilau nalo limevunjika. Aflah akamkanyaga mguu.

Mjomba Marhoon hakujua la kufanya, akafanya analolifanya siku zote katika khitma. Alikunja miguu, akakohoa, akauliza, "Jina la marehemu?"

Mzee Saadia alishika mwimo wa mlango. Katika mji huu, alisema, hapana aliyewahi kumuuliza jina hilo.

"Yahya," akasema. "Yahya bin Musa. Alikuwa na sauti mbaya, na kutwa akiimba."

Akaitazama taa yake.

"Ipo Zaburi," alisema baadaye, taratibu. "Tunawasomea maiti. Hiyo haitaki watu kumi. Mtu husoma peke yake."

"Na miaka yote hii?" Mama aliuliza.

Mzee akafuata birika la maji. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau vyungu vyangu jikoni. Alinawa mikono, akazifunika vizuri nywele zake nyeupe, akaanza kusoma kwa lugha yao, bila kitabu, akikwama na kurudi nyuma. Alipotua kuvuta pumzi, mjomba Marhoon akaitikia "Aamin", na wenziwe wakamfuata. Mzee alimkata jicho. Alipotua tena wakaitikia tena, na mara ya tatu nilimwona anawangoja.

Alipomaliza hakukaa. Aliinua uso kwenye dari, akasema kwa Kiarabu, wazi, kila mtu akasikia:

"Nimekuja kwa ajili ya Yahya. Wewe sijakusamehe."

Midomo ya wanaume wale ilikuwa imeshazoea. Wawili watatu walikwishaanza kuitikia, wakajikata kati, na mjomba Marhoon akageuza yake kikohozi. Chumba kizima kikatazama mkeka.

Ndipo pale kando ya mlango mama mkwe wangu, ambaye sijamwona kukosa sala hata moja, si kabla ya kuuawa Bakhit wala baada yake, akasema kwa sauti kubwa, "Aamin."

Mjomba Marhoon aligeuka amkemee dada yake, akamtazama uso, akaacha.