Sentensi Tano za Sylvain

Madame Estelle hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Majirani zake wa mtaa wa Ruashi walipoanza kusimuliana nani ameonekana wapi baada ya kuzikwa, yeye aliaga na kwenda zake kulala usingizi wa pono. Ndiyo maana hakumwambia mtu yeyote kilichokuwa kikitokea darasani kwake tangu Sylvain afariki.

Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi wa parokia, saa kumi alasiri, kila Jumanne na Alhamisi. Humo aliwafundisha Kiingereza watu wazima waliotafuta kazi kwenye makampuni ya shaba, ambako mabosi hawajui Kifaransa wala hawana haraka ya kukijua. Alikuwa na njia moja tu ya kufundisha, ile aliyofundishwa naye: mwalimu anasema, darasa linaitikia. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Sasa walibaki kumi na mmoja, na sauti bado zilikuwa kumi na mbili.

Sylvain alikuwa mzito wa kuitikia. Wenzake wakimaliza sentensi, yeye alikuwa neno moja nyuma, na sauti yake nene ikabaki peke yake hewani. Walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Siku ya kwanza baada ya maziko, Madame Estelle aliandika ubaoni muundo uleule wa wiki iliyopita: neno la hali, kama kuogopa au kufurahi, kisha kitenzi, kisha neno la kuuliza, nani, nini, wapi, kwa nini. Akasema sentensi ya mfano. Darasa likaitikia, likanyamaza. Halafu neno la mwisho likaja tena, taratibu, kutoka kwenye kiti cha nyuma karibu na dirisha, kiti ambacho hakuna aliyetaka kukikalia. Aliwatazama wanafunzi mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuza kichwa. Aliyesikia ni yeye peke yake.

Akaacha kuwaitikisha. Akawapa mazoezi ya kuandika, na katika ukimya ule akawa anasikia maji yakidondoka, tone moja moja, ndani ya ukumbi usio na bomba. Wakati mwingine harufu ya udongo mbichi ilimfuata hadi nyumbani, ikakaa naye mezani.

Sababu aliijua. Watu kama Madame Estelle wanajua vizuri sana kinachowaandama, ila wamesoma mno kuweza kukitaja. Daftari la Sylvain lilikuwa kabatini mwake, chini ya vitambaa vya meza.

Kijana huyo alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaoshuka kwenye mashimo ya kuchimba kwa mikono, na alikuwa ameomba kazi ya kampuni kule Kinsevere, ambako angehojiwa kwa Kiingereza. Alhamisi yake ya mwisho, mwalimu aliwaambia wote waandike sentensi tano za maisha yao wenyewe kwa muundo ule. Akakusanya madaftari. Ijumaa jioni, maharagwe yakiwa jikoni juu ya makaa ya mbabula, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Sylvain alikuwa ameandika kwamba ni vigumu kujua kwa nini ukuta umelowa. Ameandika kwamba anaogopa kuuliza nani ameondoa miti iliyoshikilia dari. Kwamba hayuko huru kumwambia PDG, ndivyo wachimbaji wanavyomwita mkuu wa shimo, nini anakisikia usiku kikipasuka. Kwamba mke wake ana huzuni kujua anakwenda wapi kila asubuhi, na humlilia aache. Kwamba yeye mwenyewe ana furaha kujifunza namna ya kuomba kazi nyingine.

Kwenye ile ya ukuta alikuwa amekosea kidogo. Alikuwa ameandika *why is the wall wet*, na katikati ya sentensi ya namna hiyo maneno hayapangwi hivyo. Madame Estelle akachora mshale mwekundu, akayahamisha, akakata alama moja. Tisa juu ya kumi. Chini akaandika: vizuri sana, endelea hivyo. Kisha akaenda kugeuza maharagwe.

Jumamosi asubuhi ukuta ulianguka. Sylvain alitolewa Jumapili.

Tangu hapo alilifungua daftari mara moja tu, na mara hiyo ndipo aliposoma yaliyoandikwa. Siku ya Ijumaa alikuwa ameangalia maneno yamekaaje, basi.

Angeweza kulificha mpaka mwisho wa dunia. Aliyemvuruga ni Keren, binamu wa Sylvain, mwanafunzi wa safu ya mbele. Siku moja baada ya darasa Keren alibaki nyuma akamweleza kwamba Jumamosi itakuwa siku ya arobaini, familia itaondoa matanga, na wazee watakata shauri juu ya Falonne, mjane. Ilikuwa inasemwa kwamba ndiye aliyemuuza mumewe kwa mashetani ya shimo ili apate mali. Watu saba waliingia shimoni siku ile, sita wakatoka, akabaki Sylvain peke yake. Tena wiki mbili kabla, Falonne alikuwa ameingiza friji mpya nyumbani. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Angerudishwa kwao mikono mitupu, na mtoto wao Chance, wa miaka mitatu, angebaki kwa ukoo wa baba.

Madame Estelle alirudi nyumbani, akawasha mbabula. Sitamsafisha: alilileta daftari hadi kwenye moto. Lingeungua, na hakuna ambaye angejua kwamba mwalimu mzima, mwenye diploma ukutani, aliandikiwa na mtu kwamba anakaribia kufa akamkata alama. Alilishika juu ya makaa mpaka vidole vikamchoma. Nyuma ya mgongo wake sauti nene, taratibu, ikarudia neno moja la Kiingereza. *Wet*.

Jumamosi alijikaza, akaenda.

Uani kwa mama wa Sylvain, wanaume walikuwa kwenye viti chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka. Falonne alikuwa amekalishwa peke yake karibu na ukuta, kitambaa cheusi kichwani, na Chance alikuwa ameshikwa na shangazi mbali naye, kama vile jambo limekwisha. Baba Pierre, mjomba wa marehemu, mzee mstaafu wa reli, ndiye aliyeongoza. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemlea Sylvain, na machungu yalikuwa yamemla mpaka yakahitaji mtu wa kubebeshwa. Aliuliza kama kuna mwenye neno kabla wazee hawajasema lao.

Madame Estelle akasimama.

“Baba Pierre, munisamehe,” alisema. “Niko na maneno ya Sylvain. Aliyaandika yeye mwenyewe.”

Mnong'ono ukapita kwenye mikeka. Mzee mmoja alitaka kujua huyu mama ni wa ukoo gani. Keren akainuka, akasema ni mwalimu wao, akaliangalia daftari na kuthibitisha kwamba mwandiko ni wa Sylvain. Mwalimu akasoma kila sentensi kwa Kiingereza, ili asionekane kutunga, kisha akaisema kwa Kiswahili. Ukuta uliolowa. Miti iliyoondolewa. PDG asiyeambiwa neno. Alipofika kwenye ile ya mke anayelia kila asubuhi, Falonne alijifunika uso kwa mikono, na kilio alichokizuia siku arobaini kikamtoka chote. Akasema katikati ya kwikwi kwamba friji waliinunua pamoja, auze maji baridi, ili Sylvain aache shimo.

Baba Pierre alivua kofia.

“Basi ni miti iliondolewa njo ilimuua,” alisema. “Mupe mutoto mama yake.”

Shangazi akamwachilia Chance, naye akakimbia kwa mama yake. Watu wakapumua. Wanawake wawili wakahamia karibu na Falonne. Madame Estelle akadhani amemaliza. Alikuwa akitafuta njia ya kuaga aliposikia akiitwa na mama wa marehemu, Mama Virginie, kutoka kwenye mikeka. Aliomba aonyeshwe daftari.

Akalipokea, akaliweka mapajani. Alipitisha kidole juu ya mistari ya bluu, polepole, kama anayempapasa mtu uso. Kidole kikafika kwenye mshale, kikasimama.

“Na hii nyekundu, ni nani aliandika?”

“Ni miye, mama.”

“Unasema nini hapa?”

Madame Estelle akamwambia. Hakupunguza kitu: alama moja iliyokatwa, vizuri sana, endelea hivyo.

“Uliandika siku gani?”

“Vendredi, mangaribi.”

Mama Virginie akawaza. Nyumba yake na ya mwalimu zilitenganishwa na barabara mbili tu, na Ijumaa ile Sylvain alikuwa hapo uani tangu saa kumi na moja, akitengeneza mlango wa choo, hana haraka. Walikula pamoja. Alilala mapema kwa sababu ya kazi ya asubuhi.

Alilifunga daftari. Hakuwa na hasira, na Madame Estelle angetoa chochote ili awe na hasira. Akamrudishia mikononi.

“Ubakie nayo, madame,” alisema. “Miye sijue kusoma. Weye ulisoma.”