Helmeti ya Ruairí

Jioni ile jikoni kwa Noreen Hallissey walikuwepo watu watano: Noreen mwenyewe, kaka yake Mossie, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya parokia yetu, kocha wetu Tadhg Lonergan, na wana wawili wa nyumba hiyo, Ruairí na mdogo wake Fiachra, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Fiachra alikuwepo kwa mwili tu. Alikuwa ametoka kukamua ng'ombe, mabuti ya mpira bado yamo miguuni, na usingizi ulikuwa umemlaza shavu juu ya meza, kando ya sahani ya mkate.

"Mwache alale," alisema Mossie. "Tutamalizana bila yeye."

Ndivyo mambo ya Fiachra yalivyokuwa yakimalizwa tangu ashike fimbo bapa ya hurling, mchezo wa mpira wa Waairishi, na watu waone jinsi mpira ulivyomtii. Shule ilimtaka, chuo kikamtaka, klabu ikamtaka, na timu ya vijana ya kaunti haikukubali kubaki nyuma. Kila mmoja aliomba kidogo tu. Naye, ambaye hakujua kukataa, alimpa kila mmoja kidogo chake, mpaka yeye mwenyewe akabaki na mabaki. Sasa timu ya wakubwa ya kaunti ilikuwa imemwita kwa mara ya kwanza, acheze Jumapili, kwa sharti kwamba asiguse mechi nyingine yoyote wiki hiyo. Na Jumamosi klabu yetu ilikuwa na mechi ambayo tukishindwa, tunashuka daraja.

"Avae jezi ya Ruairí na helmeti ya Ruairí, kama alivyofanya mwezi wa Mei," alisema Mossie. "Vile vyuma vya mbele vinaficha uso. Nani atajua? Hata mama yake alipiga kelele 'Ruairí! Ruairí!' siku nzima."

"Mimi nilijua," alijibu Noreen huku akimimina chai. "Ruairí hajawahi kukimbia hivyo."

Wakacheka. Ruairí naye alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo. Mechi ile ya Mei aliipitisha amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, nyuma ya kanisa, akisikiliza umati ukilishangilia jina lake. Baadaye, kwenye baa, wanaume walimpiga bega wakimwambia kwamba hatimaye ameonyesha damu ya baba yake. Naye alikunywa bia zao, akashukuru.

"Nusu ya kwanza tu," alisema Tadhg. "Tukiongoza, namtoa."

Fiachra alikuwa ameamka zamani, ingawa hakufumbua macho. Nyuma ya paja lake la kushoto msuli ulikuwa ukimchoma kwa majuma kadhaa. Alikuwa akiufunga mwenyewe bandeji huko zizini, mbali na macho ya watu. Siku zote alidhani kwamba uchovu hukaa miguuni, na kwamba usiku mmoja mzuri ungeuondoa. Sasa, akiwasikiliza wakimpima kwa nusu na robo, alitambua kwamba wake ulikuwa umeshapanda juu zaidi, mahali ambapo bandeji haifiki.

"Ruairí," aliuliza bila kuinua kichwa, "wewe unataka nini?"

"Mimi? Nataka tusishuke."

"Sijakuuliza hilo."

Ruairí alikizungusha kikombe chake mezani. "Nataka kucheza. Hata nikicheza vibaya."

"Na vibaya utacheza, Mungu akubariki," alisema Mossie.

"Mossie!" Noreen alimkaripia.

Fiachra alisimama. Mguu ulichelewa kunyooka, na mama yake akaona.

"Huo mguu una nini?"

"Msuli umechanika, Mama. Si wa leo."

"Kuchanika kidogo si kitu," Mossie alianza. "Mimi mwaka ule wa fainali nilicheza na vidole—"

"Tunajua, Mjomba. Vidole viwili vimevunjika, na mvua ilikuwa ikinyesha." Fiachra hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehakikisha kwamba wote wanasikia. "Jumamosi Ruairí atacheza kwa jina lake. Mimi sichezi. Na Jumapili pia sichezi. Kesho nitampigia simu kocha wa kaunti nimweleze habari ya mguu, na akitaka kumpa mwingine jezi ile, ampe."