Karoti za Sururu Hazina Kundi

Nasinzia mbele ya kompyuta, adhuhuri, katika ofisi ya hospitali yetu ndogo ya punda, na kabla kope hazijakutana nauona tena ule ujumbe mwekundu: mstari mmoja umekataliwa, kundi la matumizi halijulikani. Mistari mingine yote ya jedwali aliloliacha marehemu Mzee Shee, mwanzilishi wetu, imeshaingia kwenye programu mpya, dawa, mishahara, majani, mafuta ya boti. Umebaki huu tu: karoti za Sururu. Wadhamini wamesema kisichoingia leo hakitalipwa tena. Sururu ni punda mzee, kipofu, habebi tena kitu. Nikiufuta mstari, kazi yangu ya leo imekwisha. Kidole kiko juu ya kitufe, kisha kidole kinakuwa kizito, kisha sina kidole, nina miguu tu, natembea.

Barabara za huku ni nyeupe na zinakatana mraba kwa mraba, kila nikivuka njia panda najikuta njia panda, na Sururu yuko pembeni, pua yake begani kwangu, ananipumulia harufu ya majani. Mbele unatokea mji wa nyumba za vioo, na ndani ya kila kioo kuna mji mwingine, na juu ya kila mlango jina: Dawa, Mishahara, Usafiri. Langoni amesimama mtu asiye na uso, mahali pa uso ni laini kama sinia lililooshwa. Huyu ni wa nyumba gani? ananiuliza. Ya Chakula, nasema. Chakula ni cha wanaofanya kazi. Basi ya Dawa. Anaumwa nini? Haumwi, amezeeka tu. Uzee hauna nyumba hapa, anasema, bila ubaya wowote, huku akimkuna Sururu nyuma ya sikio. Kitendawili! Tega, najibu, mdomo umesema wenyewe. Hulipwa kila wiki, hakidaiwi na mtu, na anayekilipa hahisi kupungukiwa. Karoti, nasema. Anatikisa kichwa. Sadaka? Sadaka humwendea asiyekupa kitu, na huyu alitoa kwanza. Nimeshindwa, nasema. Basi nipe mji. Nampa mji huu huu, wote na vioo vyake, naye anaupokea, anaukunja kama kanga, anaanza kusimulia. Nimekwenda mjini, nimekwenda, nikamkuta Shee bado kijana, hana hospitali, ana punda mmoja. Punda akabeba mawe, akabeba maji, akabeba chokaa, na siku ya upepo chokaa ikamwingia machoni. Kuta zikasimama. Mgonjwa wa kwanza kulazwa ndani ya kuta hizo akawa ni punda huyo, na macho hayakupona. Machozi yananitoka, maana miaka yote niliyofanya kazi hapa sikuwahi kuelezwa haya. Hiyo ni shukrani, nasema. Basi ijengee nyumba, anasema, na ninajenga, kwa mawe, si kwa vioo, naandika jina juu ya mlango, na Sururu anaingia bila kushikwa kamba.

Esha, mwanangu, kahawa yako inapoa. Ni Bi Somoe, mjane wa Mzee Shee, ameketi kando yangu. Kwenye kompyuta hakuna wekundu tena. Mistari yote imeingia, na chini ya makundi ya zamani liko jipya, Shukrani. Nani amelifungua hili? nauliza. Si wewe? Nimekaa hapa nakutazama ukiandika, nikaona nisikusumbue. Bi Somoe, nasema, na sauti yangu yatoka mbali, ni kweli Sururu alipofuka kwa chokaa, wakati wa kujenga? Kikombe chake kinasimama hewani. Nani amekwambia? Mzee hakulisema jambo hilo kwa mtu, ila kwangu, na kila Jumatatu alizichagua karoti kwa mkono wake, moja moja, kama anachagua za harusi. Anaanza kucheka, kisha analia kidogo, kisha anacheka tena, ananishika kiganja na kunisimulia jinsi Mzee alivyomwimbia yule punda akidhani hakuna anayemsikia. Sijui kama nimeamka. Naiona dari, nausikia upepo kwenye mabati, lakini hata kule niliona na nilisikia. Endelea, Bi Somoe, namwambia, na kama huku ndiko ndotoni, basi asije mtu kuniamsha kabla hajamaliza.