Nyeupe ya Elfu Sita na Mia Tano

Mtu aliyeshona magauni ya komunyo ya kwanza kwa miaka kumi na tisa hawezi kukubali kirahisi kwamba nyeupe ni nyeupe tu. Febronia, fundi cherehani wa Mlabani pale Ifakara, alikuwa ameupa kila weupe jina lake. Kulikuwa na weupe wa chokaa, weupe wa ganda la yai, weupe wa mchele mpya, na ule unaoelekea bluu ambao aliuita weupe wa sanda. Huo wa sanda hakumshonea mtoto wa mtu, hata mama wa mtoto aje na kitambaa mkononi na kulia machozi.

Mume wake, Shilinde, alikuwa mtu wa jambo moja kwa wakati mmoja. Alikuja bondeni Kilombero akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani, na miaka mingi alilala porini na tochi ambayo betri zake ziliisha kila fisi alipokaribia. Sasa alikuwa amepunguza mifugo, akanunua pawatila mbili za kulimia mashamba ya mpunga ya watu, na akajenga nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha, rangi imekauka, umeme umeingia. Zilibaki taa.

Hakutaka taa za kuning'inia darini. Aliwahi kulala gesti moja Morogoro yenye taa za ukutani, akarudi nyumbani akizisimulia kama mtu aliyetoka kuhiji. Kwa hiyo nyaya zote zilipitishwa ukutani, na asubuhi moja ya Jumatano yeye na mkewe wakaenda dukani kwa Gaudensi, karibu na soko. Gaudensi alikuwa muuzaji na fundi kwa pamoja: asubuhi alikuuzia taa, jioni akaja na ngazi kuifunga.

"Shikamoo Baba Seni, shikamoo Mama Seni," alisema, akapanga maboksi matatu juu ya meza. "Taa za ukutani ninazo hizi. Zote LED, zote nyeupe. Hii ni elfu tatu, hii elfu nne, hii elfu sita na mia tano."

"Shilingi?" Shilinde aliuliza.

"Hapana mzee, hiyo siyo bei. Hiyo namba ni ya rangi ya mwanga. Bei ni moja kwa zote."

Shilinde aliyatazama maboksi, akamtazama Gaudensi, kisha akamvuta mkewe pembeni amnong'oneze. Lakini sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto hainong'onezi. Ilisikika mpaka duka la tatu. "Huyu kijana biashara haijui. Za elfu sita na mia tano anaziuza bei ya elfu tatu! Tuchukue zote kabla hajashtuka."

Gaudensi, kwa uvumilivu wa mtu aliyelieleza jambo hilo mara nyingi, alisema kwamba namba ikiwa ndogo mwanga unakwenda kwenye umanjano, unatuliza, unafaa chumba cha kulala. Namba ikipanda, mwanga unakuwa mweupe mkali. Ile ya katikati wengi huipeleka jikoni na mahali pa kazi.

"Yaani mtu anunue taa halafu alipie giza," alisema Shilinde.

"Ziwashe tuzione," alisema Febronia.

Alitoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha komunyo, akakitandaza juu ya meza, akaweka na mkono wake pembeni. Gaudensi akawasha ya elfu tatu. Kitambaa kikageuka kama kimemwagiwa samli.

"Umeona?" Shilinde aliruka. "Taa imeoza hiyo."

Ikawashwa ya elfu nne, na kitambaa kikabaki kama alivyokikata asubuhi, mkono nao ukabaki mkono. Febronia akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayemwona mtu wa kwao ugenini. Kisha ikawashwa ya elfu sita na mia tano. Duka zima likamulikwa. Mkono wa Febronia ukaonekana kama wa mtu aliyetolewa mtoni siku ya pili.

"Hii ni sanda," alisema.

"Hii ni taa!" alisema Shilinde.

Walivutana chumba kwa chumba, Gaudensi akiwa ameegemea rafu na kalamu sikioni. Chumba cha kulala kilikwenda kwa Febronia, elfu tatu. Chumba chake cha kushonea na jiko, elfu nne. Hivyo Shilinde alimwachia kwa sababu hakuwa anaingia huko. Bafuni ndiko walikokwama muda mrefu. Shilinde alitaka mwanga wa kumwonyesha nyoka kabla nyoka hajamwona yeye, na Febronia alisema hana haja ya kujiona vizuri kiasi hicho saa kumi na moja alfajiri. Wakasuluhishwa na elfu nne. Lakini kwenye sebule Shilinde alipiga meza.

"Sebule ni ya wageni. Mgeni akiingia kwangu, ajue ameingia. Elfu sita na mia tano, na ziwe nne, kila ukuta na yake."

"Mbili zinatosha, Baba Seni."

"Nne."

Gaudensi alizifunga Alhamisi mchana. Saa moja jioni Shilinde alivaa shati la kutokea, akaketi katikati ya kochi jipya, akaamuru ziwashwe. Alijisikia vizuri mno. Wa kwanza kufika alikuwa mama Bernadetha, jirani na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, aliyekuja kuulizia gauni la mjukuu wake.

"Hodi..." alisema, kisha akasimama mlangoni. Alimtazama Shilinde kwa muda. Akaingia polepole, akaketi ukingoni mwa kiti, akashusha sauti. "Pole, baba."

"Shikamoo mama. Pole ya nini?"

"Ndiyo maisha. Umeshapima?"

"Nimepima nini?"

"Sijui. Malaria. Au wamesema ni ini?"

Shilinde akacheka kwa nguvu, meno yake yakang'aa bluu, na Bernadetha akashika rozari iliyokuwa shingoni. Febronia alipotoka chumba cha kushonea na gauni mkononi, mama wa watu aligeuka, akamwona, akasema, "Yesu wangu, na wewe!" Akaondoka bila hata kuligusa gauni.

Ijumaa asubuhi uji ulianza kuingia. Uliletwa na wanawake watatu wa jumuiya, kila mmoja na chupa yake ya chai iliyojaa uji wa ulezi. Mchana alifika mteja mmoja wa pawatila, mkulima wa kutoka njia ya Chita. Aliuliza kwa heshima nyingi kwamba, Mungu apishie mbali, lakini kama ikitokea lolote kabla ya msimu, yeye azungumze na nani. Shilinde alimfukuza. Alitoka barabarani akatembea huku na huko kwa makusudi, kifua mbele, ili watu waone. Watu waliona, wakaambiana kwamba ndivyo ugonjwa wake ulivyo: mchana yeye ni mzima, jioni unapanda.

Febronia alimwambia mara mbili kwamba ni taa. Mara ya kwanza mumewe alisema ni wivu wa kushindwa sebule. Mara ya pili alimkuta amesimama mbele ya kioo cha sebuleni saa moja na nusu jioni, ameushusha ukope wa chini kwa kidole.

"Mama Seni, hebu nishike shingo."

Akamshika. "Baridi tu."

"Ndiyo maana. Homa imeingia ndani."

Jumamosi alikwenda kupima. Majibu yalitoka safi, malaria hakuna, homa ya matumbo hakuna, na jambo hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alirudi akipanda ngazi tatu za baraza kwa kushikilia ukuta. Febronia alimhurumia, lakini hakuwa malaika: kila alipokumbuka meza ya Gaudensi ikipigwa na kiganja, huruma ilipungua kidogo. Alimpelekea uji, na uji ulikuwepo wa kutosha.

Jumapili alasiri ikaingia pikipiki yenye mbuzi. Mwenye pikipiki alikuwa Mayunga, kaka mkubwa wa Shilinde, aliyekuwa akiishi na mifugo yake mbele ya Lupiro. Alikuwa amevuka daraja na mbuzi huyo amefungwa nyuma, na mfuko wa mizizi shingoni, kwa maana huko kwake habari ilikuwa imefika kwamba mdogo wake anamalizia siku.

"Shikamoo shemeji," alisema Febronia, akipiga goti.

"Marahaba. Yuko wapi? Anaongea?"

Shilinde alikuwa barazani anakula muwa. Mayunga alimzunguka, akamtazama mbele na nyuma kama ng'ombe wa mnadani, akamfunua na mdomo.

"Mbona mzima?"

"Subiri jioni, kaka," alisema Shilinde kwa sauti ya mgonjwa, akitema makapi ya muwa.

Wakasubiri. Bernadetha naye alikuja na wanajumuiya wanne kumwombea, na walipoambiwa kwamba ugonjwa bado haujapanda, wakaketi wakapewa chai. Jua lilipozama, Shilinde aliinuka kwa taabu, akaongoza njia kuelekea sebuleni, wote nyuma yake. Akajilaza kwenye kochi. Febronia akabonyeza swichi.

"Mama yangu," alisema Mayunga. Mfuko wa mizizi ukamwanguka.

Shilinde akafungua macho amfariji kaka yake. Badala ya kumfariji, akaruka kukaa. "Kaka! Na wewe unayo! Nimekuambukiza!"

Mayunga alijitazama mikono. Ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Akamtazama Bernadetha, Bernadetha akawatazama wanajumuiya wake, na wanajumuiya wakatazamana wao kwa wao. Ilikuwa sebule ya wagonjwa wanane, wengine mahututi. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kuomba akaanza kujipapasa bandama.

"Haya, inukeni," alisema Febronia. "Wote. Nifuateni."

"Wapi?" aliuliza Bernadetha.

"Kupona."

Aliwaingiza katika chumba cha kushonea, wakasongamana kati ya cherehani na meza ya kukatia, akawasha taa yake ya ukutani, ya elfu nne. Mayunga alimshika mdogo wake kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Mashavu yalikuwa ya kahawia, ya kunona, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na uchafu wa muwa.

"Umepona," alisema Mayunga.

Hakuamini hapo hapo. Alimtoa Shilinde kwa mkono, akampeleka sebuleni: anakufa. Akamrudisha kwenye cherehani: mzima. Akampeleka tena. Mara ya tatu alikwenda peke yake akajitazama kwenye kioo, na walichosikia kule chumbani ni yeye akitamka neno la Kisukuma ambalo Febronia, pamoja na miaka yote ya ndoa, hakuwahi kutafsiriwa.

Bernadetha ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea rafu ya vitambaa, na wengine wakafuata. Shilinde alisimama katikati yao, hajui aweke uso wapi, maana mwanga wa pale ulionyesha kila kitu kwa rangi yake halisi, aibu ikiwemo.

"Nilijua ni taa," alisema mwishowe.

Febronia alimtazama. Lilikuwa jambo dogo sana kumjibu, na majibu alikuwa nayo matano. Lakini alikumbuka jinsi mumewe alivyorudi kutoka kupima, akipanda baraza kwa kushikilia ukuta, akaona amwachie hilo moja.

"Tunazibadilisha kesho," alisema tu.

Jumatatu Shilinde alikwenda dukani peke yake. Gaudensi alisimulia baadaye kwamba alikuja na kikombe cha maziwa mabichi kilichofunikwa kwa sahani, akakitua mezani, akataka taa zote ziwashwe juu yake moja baada ya nyingine. Kwenye elfu sita na mia tano alisema hayo ni maji ya kuoshea kibuyu. Kwenye elfu tatu alikiri kwamba kwa kulalia si mbaya. Kwenye elfu nne aliinama, akayanusa, akayanywa. "Hayo ndiyo maziwa," alisema. "Nipe mbili."

Zile nne alizichukua Mayunga. Kijijini kwake umeme ulikuwa umefika, na alisema atazifunga nje kuzunguka zizi. Fisi akija akijiona alivyo, atarudi mwenyewe kwao kujiuguza.

Mbuzi hakurudi Lupiro. Alichinjwa siku ile ile, na jioni sebule ilijaa, kwa sababu waliokuwa wamepanga kuja kumjulia hali mgonjwa walikuja vilevile, nao hawakuonekana kukerwa kwamba amepona. Shilinde alikaa katikati ya kochi na bakuli la supu, akimweleza mgeni mmoja habari za namba na rangi za mwanga, neno kwa neno kama alivyozieleza Gaudensi, isipokuwa sasa zilikuwa uchunguzi wake mwenyewe. Febronia alipita na sufuria, akasikia. Alimwongezea mumewe supu, kisha akaenda kuufunga mlango wa chumba cha kushonea, maana Bernadetha alikuwa amekwishaanza kumwita mtu akaone gauni la mjukuu wake, na wote wawili mikono ilikuwa mafuta tupu.