Kiwekwe Safi

Puto la kwanza lilitumbukia bwawani. La pili lilichukuliwa na upepo, na mpaka leo hakuna ajuaye liliko. Kwa hiyo hili la tatu, alilolirusha Nanyama kutoka uwanja wa Kibera, lilibeba roho yake. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha, na mradi ulikuwa unafungwa Ijumaa. Alitaka vumbi la kilomita ishirini juu ya mabati ya watu, alipime ajue limeumbwa na nini, na kama moshi wa plastiki za Kibera unafika huko. Asipolipata, miaka mitatu ya chuo imekula kwake.

Puto likapasuka lilivyotakiwa, boksi lililobeba kitambaa cha kunasia vumbi likashuka na mwavuli wake, halafu ishara ya kulifuatilia ikakatika. Siku mbili Nanyama hakula akashiba. Ya tatu mwanamke akapiga simu: boksi liko mtaa wa Kongo, Kawangware, nyuma ya steji ya matatu ya 56.

Wakarima, bibi aliyepiga simu, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga, alimpa kiti na chai kwanza. Nanyama aliimeza ikimuunguza ulimi. Boksi lilipoletwa lilikuwa zito kuliko alivyolijua, akalifungua na kukuta avokado mbili.

"Kitu ya mtu hairudishwi tupu," Wakarima alisema.

Chini ya avokado kulikuwa na kile kitambaa cha kunasia vumbi, kimekunjwa vizuri, cheupe pe, kinanukia sabuni.

"Shosho, umekiosha?"

"Si mliandika? Kilikuwa na weusi-weusi hivi. Nikaloweka, nikasugua mara mbili, nikaanika. Ningekurudishia kikiwa chafu ungenionaje?"

Nanyama aligeuza kifuniko. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, kwa kalamu nene: CHOMBO CHA UTAFITI. TAFADHALI KIWEKWE SAFI. PIGA SIMU HII. Alikuwa amemaanisha kisiguswe. Hasira zilimpanda, zikakosa wa kumwangukia.

"Na maji ulimwaga wapi?" aliuliza, akijua ni upuuzi kuuliza.

"Kwa mtaro. Ilishaenda na mvua ya jana." Wakarima akamsogelea, sasa ana wasiwasi kidogo. "Lakini mami, hebu niambie. Ile uchafu ilikuwa ya nini?"

Nanyama alifunika boksi, avokado zikiwa ndani.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kujua, shosho."