Commandant Makaa Hasamehi

Cheo cha ukomandanti nilipewa na koo langu. Kwenye kwaya ya parokia mimi, mwanamke, husimama upande wa wanaume, kwenye tenori, na mapadri wageni hunigeukia mara mbili. Kwa hiyo Christophe alipoanzisha lile kundi la WhatsApp la kutunga hadithi pamoja, kila mtu na mhusika wake, hakuna aliyeuliza nani atakuwa mtu mbaya. "Ghislaine," walisema wote. Nikacheka, nikakubali. Laiti ningekataa.

Tulikuwa watu tisa. Kila Jumamosi alasiri kijiji chetu cha kubuni, Nyamubanda, kilifufuka kwenye simu tisa: huyu anaandika maneno ya chifu, yule ya mkunga, mwingine anatuma sauti. Mimi nilikuwa Commandant Makaa, aliyeshuka kutoka msituni na watu wake na kukikalia kijiji. Christophe aliweka sheria tatu. Ya kwanza, kila mmoja awaandike wenzake kwenye simu kwa majina ya hadithi, si ya ubatizo. Ya pili, ukipigiwa na mwenzako, itika kwa sauti ya mhusika wako, mchezo usipoe. Ya tatu ilikuwa yangu peke yangu: Makaa hasamehi.

"Mubaya akianza kuhurumia batu," Christophe alisema, "siye bengine tutapigana na nani?"

Nilijifunza kazi hiyo vizuri, na sitajifanya kwamba sikuipenda. Wiki nzima nilikaa kwenye kibanda changu cha secrétariat public pale Muhumba, nikiwapigia watu barua za kuomba kazi, nikitoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa, nikiitika "ndiyo papa, ndiyo maman". Jumamosi niliamuru. Nilijifunza kwamba mtu mbaya hapayuki. Anayepayuka ana woga. Nilijifunza kwamba lazima aamini kuwa haki ni yake. Zaidi ya yote nilijifunza kwamba ukitaka kumuumiza mhusika, umjue mtu anayemwandika: unatafuta panapomuuma, unabonyeza hapo hapo.

Anaclet nilimjua tangu shule. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kule Mudaka, na katika hadithi yeye ndiye Katekista Simeoni, mtu pekee aliyethubutu kumjibu Makaa. Nilijua anachoogopa si maumivu, ni aibu. Mwalimu anaweza kulala njaa, lakini wanafunzi wasimwone akilia. Kwa hiyo niliandika kwamba Makaa alimlaza katekista chini mbele ya watoto wa katekisimu, akamchapa fimbo ishirini. Anaclet alijibu kwa kurasa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, kisha akaniletea ujumbe wa pembeni: "Commandant, uko mubaya kweli. Conduite: zero," kama anavyowajazia wanafunzi alama ya tabia. Nikafurahi wiki nzima.

Hayo yalikuwa kabla ya kizuizi kuwekwa kwenye barabara ya Mudaka. Waliosimama pale walikuwa na bunduki, na mwaka huo tulikuwa tumeshaacha kuuliza bunduki ni za nani. Walifungua simu za wapita njia na kusoma. Sote tulijua. Watu walifuta picha, wakafuta namba za ndugu walio jeshini. Kati yetu tisa hakuna hata mmoja aliyefikiria kufuta Nyamubanda. Kijiji ambacho hakipo, nani angekiogopa?

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa namwandikia mzee mmoja barua ya kudai pensheni yake, simu ikaita, na kwenye kioo pameandikwa: Katekista Simeoni. Nikamwomba mzee radhi, nikaishusha sauti mpaka chini kabisa.

"Makaa anasikia. Batu benye nilikuomba uko nabo, ao nikuye kubachukua mwenyewe?"

Nilisikia pikipiki ikipita, mbuzi akilia, kisha mwanaume ambaye hakuwa Anaclet akasema bila hasira yoyote:

"Commandant. Tulikuwa tunakutafuta."

Nikaanza kueleza kwa sauti yangu ya kawaida, haraka haraka: ni mchezo, papa, ni hadithi tu, mimi ni mwanamke, niko Muhumba. Akasema, "Mwanamuke?" halafu akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Sasa niliona walichokuwa wanakiona wale wa kizuizini. Kwenye simu ya mwalimu kuna mtu anaitwa Commandant Makaa, na ujumbe wake unasema: kesho alfajiri mufunge daraja, atakayepita mumwangushe. Mtu huyo amepigiwa, naye ameitika. Watu walikuwa wameshushwa kwenye pikipiki pale pale kwa makosa madogo kuliko hayo, na mpaka leo mama zao hawajui wapi pa kuwalilia.

Nilikuwa na dawa moja tu. Hadithi yote nilikuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta ya kibandani, kwa sababu tuliota kuifanya kitabu. Nikaichapa, kurasa mia moja na kumi na mbili, zikitoka moto moja moja huku mzee wa pensheni akinitazama. Nilifikiri mtu akiziona kwa mpangilio, zenye sura na majina ya waandishi, ataelewa. Nikapanda pikipiki kwenda kizuizini, nimezikumbatia.

Anaclet alikuwa amepigishwa magoti kando ya barabara, bila viatu. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, maana yake nirudi nyuma. Kulikuwa na foleni ya wanawake wenye mizigo ya mihogo na majani, wametoka Mudaka, na wengine nilisikia wakinong'ona "mwalimu, mwalimu". Ni watoto wao aliokuwa akiwafundisha.

Mkubwa wa kizuizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alipokea makaratasi yangu kwa mikono miwili na kuanza kusoma. Alisoma muda mrefu. Alilamba kidole, akafungua ukurasa, akarudi nyuma, akatabasamu mahali. Ninaona haya kusema, lakini nilitamani kujua ni ukurasa gani.

"Ni wewe njo uliandika haya ya Makaa?"

"Ni miye, chef."

"Sema kama yeye."

Nikasema. Watu wake walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki. Nikadhani yameisha.

"Bon," mkubwa akasema. "Minaamini sauti ni yako. Sasa, Commandant, mutu wako njo huyu. Tumufanye nini?"

"Mumwache aende, chef. Minakuomba."

Akatikisa kichwa, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Huyo hapana Makaa. Makaa hasamehe, iko imeandikwa hapa. Kama Makaa ni mutu wa hadithi na ni wewe unamufanyaka, mufanye. Ukishindwa, nitajua iko mutu mwingine mwenye kuandika, wewe walikutuma tu. Na huyu tutaenda naye."

Akanyoosha kidole upande wa migomba, chini ya barabara. Nikauona uchochoro unaoshuka huko.

Nilifumba macho. Nilimtafuta Makaa nilivyomtafuta kila Jumamosi, na alikuja. Alikuja upesi mno.

"Mutu wa kufa haelezake kitu," nikasema kwa sauti ile. "Mukimupoteza, batu batalia siku tatu, batasahau. Huyu abakie muzima. Aende Mudaka, kila mutu amuone, ajue hapa nani anaamuru."

Mkubwa akakaa vizuri kwenye kiti.

"Sasa njo wewe Makaa. Aende tu vile, bila alama?"

"Apigwe kwanza."

"Fimbo ngapi?"

"Kumi na tano."

"Wapi?"

"Hapa. Mbele ya bale bamaman."

Wala sikusita. Nimejichunguza mara nyingi tangu siku hiyo, nikitafuta kitambo kidogo tu cha kusita, sikukiona. Kilichokuwepo ni ile furaha ya Jumamosi, ya sentensi inayokaa mahali pake. Halafu wakamlaza Anaclet, na furaha ikaisha.

Alinyamaza mpaka ya nane. Kwenye ya tisa alilia, na wale wanawake wakageuza nyuso kwenye mlima ili wasiwe wamemwona. Walihesabu kumi na tano, si pungufu wala zaidi. Mkubwa alitimiza neno lake. Simu alirudisha, makaratasi akayakatalia.

"Haya yatabakia," alisema. "Nataka kujua namna inaisha."

Haikuwa na mwisho. Jioni ile ile Christophe alilifunga kundi, na kila mmoja akafuta.

Ijumaa nilikwenda kumwona Anaclet. Mama yake, Maman Euphrasie, alinishika mikono mlangoni na kunibariki kwa lugha ya Mashi na kwa Kiswahili. Watu wote wa mtaa walikuwa wameshaambiwa: Ghislaine alikwenda mwenyewe mpaka kizuizini, akamtoa mtoto wa watu mdomoni mwa kifo. Alikuwa amenipikia kuku. Nilikula, kwa sababu ningekataa vipi.

Anaclet alikuwa amelala kifudifudi, shuka imeinuliwa kwenye boksi isimguse mgongo. Alisubiri mama yake atoke kwenda kuchota maji. Alikuwa ameandikia shule kwamba hatarudi Mudaka, akaniomba nikaipige hiyo barua kwa mashine. Nikasema nitaipiga. Kisha akauliza, akitazama ukuta:

"Juu ya nini kumi na tano?"

Nikainyoosha ncha ya shuka juu ya boksi.

"Ungesema tano, Ghislaine. Yule mukubwa angekubali tano."

"Hangekubali. Makaa hawezi kusema tano. Angejua."

"Ulijaribu?"

Nje Maman Euphrasie alikuwa akimweleza jirani habari zangu, akinisifu kwa jina langu lote la ubatizo.

"Hapana," nikasema. "Sikujaribu."